NGOMA HAIKUPASUKA YENYEWE



Kila mwaka ikikaribia tarehe 30 Juni tunasikia neno moja likirudiwa barazani, ufukoni mwa ziwa, hata mlangoni mwa ofisi za migodi. Wazee hulisema kwa kuguna, na vijana hulipokea bila kuuliza. Husema: "Ngoma ikilia sana hupasuka. Mwaka 1960 Wakongomani walicheza siku nne, siku ya tano wakaharibu nchi. Uhuru uliwajia kabla hawajawa tayari." Na waliosoma katekisimo huongeza mfano wa Jumapili ya Matawi na Ijumaa Kuu: ati umati ndio ule ule, leo unashangilia, kesho unataka damu.

Sisi tunasema: neno hilo ni nusu ya kweli, na nusu ya kweli ni uongo mbaya kupita wote, kwa sababu huingia nyumbani mwa mtu bila kubisha hodi. Ngoma ilipasuka, hatukatai. Lakini mwenye akili huuliza: ni nani aliyeiwamba ngoma ile? Ni nani aliyeitia kisu kabla mpigaji hajaishika? Hata katika habari ile ya Ijumaa Kuu, umati ulipiga kelele tu. Askari na amri ya kuua vilikuwa mikononi mwa wengine.

Basi tuyataje mambo kwa tarehe zake, kama tunavyoandika kitabuni kila jioni.

Mwezi wa Januari 1960 wakubwa wa vyama vyetu waliitwa Brussels kwenye Meza ya Duara. Patrice Lumumba alitolewa gerezani Jadotville ili ahudhurie. Huko ikapatanwa kwamba Kongo itajitawala tarehe 30 Juni. Joseph Kabasele na wenzake wa African Jazz walikuwa Brussels siku zile, wakatunga wimbo wa "Indépendance Cha Cha", na wimbo ule ukatangulia kufika kwetu kabla ya uhuru wenyewe. Mwezi wa Mei watu wakapiga kura. Chama cha Lumumba, MNC, kikapata viti vingi kuliko vyama vingine, na kwetu Kivu chama cha Cerea cha Anicet Kashamura kikaingia naye serikalini.

Alhamisi tarehe 30 Juni, Léopoldville ilivaa nguo mpya. Bendera ya buluu yenye nyota ilipandishwa. Mfalme Baudouin alisimama akamsifu Leopold II, yule yule ambaye babu zetu walikatwa mikono kwa ajili ya mpira wake. Kasavubu alijibu kwa upole. Kisha Lumumba akasimama akayataja mambo yaliyokuwa yakisemwa gizani tu: kazi ya kuvunja mgongo, mshahara usiotosha chakula, matusi na mapigo ya asubuhi, mchana na jioni. Watu wakaimba, wakacheza, wakakumbatiana njiani. Siku zile watu waliamini kwamba fimbo imevunjwa.

Jumatatu tarehe 4 Julai sikukuu zilikuwa zimekwisha, na kambini askari wamekwisha kunung'unika. Jumanne tarehe 5 waliasi, Léopoldville na Thysville. Ilipofika tarehe 8 Wazungu walikuwa wakivuka mto kwa maelfu kwenda Brazzaville. Tarehe 9 usiku moto ukafika Elisabethville, mji wa shaba. Tarehe 10 askari Wabelgiji wakaingia mji huo. Tarehe 11 manowari za Ubelgiji zikapiga mizinga Matadi na Wakongomani wakauawa, na jioni ya siku ile ile Moïse Tshombe akatangaza kwamba Katanga si Kongo tena. Hesabu mwenyewe, ndugu: tangu bendera kupanda hadi nchi kukatwa ni siku kumi na moja.

Hatutaficha aibu yetu. Askari walioasi waliwapiga watu wasio na hatia, na wanawake wa Kizungu walinajisiwa. Elisabethville waliuawa Wazungu kadhaa usiku ule, na mmoja wao alikuwa makamu wa konseli wa Italia. Mambo hayo ni maovu, na aliyeyatenda hawezi kujifunika bendera. Wabunge wetu nao, viti vyao havijapata hata vumbi, walijiongezea mishahara mbele ya macho ya askari ambaye hakuongezewa hata senti. Anayesema hatukukosa anasema uongo, na chama kinachodanganya watu wake hakiwezi kudai ukweli kwa wengine.

Lakini sasa tuitazame ngoma yenyewe, na kisu.

Kisu cha kwanza kilikuwa kambini. Jeshi lile, Force Publique, lilikuwa na askari karibu 25,000, na maofisa karibu 1,000. Maofisa wote hao walikuwa Wabelgiji. Hata mmoja Mwafrika hakuwamo! Miaka 75 Bula Matari alikuwa amewafundisha watu wetu kulenga shabaha, kupiga saluti na kumcharaza mwenzao kiboko, lakini hakumfundisha hata mmoja kuamuru. Tarehe 30 Juni karani alitazamia cheo, mwalimu alikuwa waziri, muuza bia alikuwa mbunge. Askari alibaki vile vile, chini ya bwana yule yule, akiambiwa alinde sikukuu ya wengine.

Ndipo Jenerali Janssens, mkuu wa jeshi, akawakusanya tarehe 5 Julai, akachukua chaki, akaandika ubaoni kwamba kabla ya uhuru ni sawa na baada ya uhuru. Tunawauliza wale wanaotaja ngoma iliyolia sana: je, chaki ile ilikuwa mkononi mwa Mkongomani? Huyu alikuwa mzee aliyejua jeshi lake kama mkulima anavyojua shamba lake. Aliwaona watu wenye hasira na bunduki, akawaambia kwamba walichokishangilia hakipo. Kesho yake Lumumba alimwondoa Janssens na kuwapandisha askari wote daraja moja. Tarehe 8 Victor Lundula akafanywa jenerali, na Joseph Mobutu kanali na mkuu wa wafanyakazi wa jeshi. Dawa ilitolewa, lakini mgonjwa alikuwa amekwisha kuanguka.

Kisu cha pili hakikuonekana, kwa maana kilikuwa katika vitabu vya hesabu, na hapa sisi makarani tuna haki ya kusema.

Baada ya Meza ya Duara ya siasa kulikuwa na meza nyingine Brussels, ya uchumi, mwezi wa Aprili na Mei 1960. Wakubwa wetu walikuwa vijijini wakiomba kura, wakawatuma vijana na wanafunzi. Upande wa pili wa meza waliketi watu wa benki na kampani, waliozeeka katika hesabu. Mwezi wa Juni sheria ya Ubelgiji ikaziruhusu kampani zilizofanya kazi Kongo kuchagua kuwa kampani za Ubelgiji. Na siku chache kabla ya sikukuu ikavunjwa ile Kamati Maalumu ya Katanga, ambayo tangu mwaka 1900 ilisimamia ardhi na madini ya kule, na iliyokuwa na nguvu kubwa ya kura katika Union Minière. Fungu kubwa la kamati hiyo lilikuwa mali ya serikali ya Kongo. Kwa hiyo serikali mpya ingeingia ofisini ikiwa na sauti kubwa juu ya shaba yote ya Katanga. Kamati ilipovunjwa, sauti ile ikapungua kabla mwenyewe hajafungua kinywa.

Kwa hiyo watu wa Léopoldville walipokuwa wakishona nguo za sikukuu, wengine walikuwa wakibadilisha kufuli.

Mtatuuliza tunajuaje kwamba jambo hili laweza kuleta fujo mjini. Twajua kwa sababu tuliliona kwa macho yetu, kwa kipimo kidogo. Katika kampani moja tuliyoifanyia kazi, ambayo hatutaitaja jina, siku moja Mkongomani mwenzetu alifanywa mkuu wa ofisi. Tulifurahi sana. Tulichanga franka, tukanunua mbuzi wawili na bia, wanawake wakapiga vigelegele mbele ya nyumba yake, na jina lake likaandikwa mlangoni kwa rangi nyeupe. Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumamosi ilikuwa siku ya mshahara. Wachimbaji walipanga mstari tangu alfajiri. Saa nne hakuna kitu, saa sita hakuna kitu. Ndipo tukajua kwamba mkuu wetu mpya hana ruhusa ya kutia sahihi kutoa hata franka moja. Ufunguo wa sanduku la chuma alikuwa nao mtu mwingine, na mtu huyo alikuwa amesafiri.

Wachimbaji walifanya nini? Hawakumtafuta mwenye ufunguo, maana hawakumjua wala hawakuwahi kumwona. Walikwenda kwa mtu waliyemjua, ambaye jina lake lilikuwa mlangoni. Wakavunja madirisha. Walimwita mwizi na msaliti, yeye waliyemchinjia mbuzi siku tano zilizopita. Sisi tulijificha nyuma ya meza. Jioni msimamizi wa juu alikuja akatazama vioo vilivyovunjika, akatikisa kichwa, akasema: "Mnaona? Hawako tayari."

Ndugu, tangu siku ile hatuhitaji profesa wa kutueleza habari za mwaka 1960. Mpe mtu mlango na jina, mnyime ufunguo, kisha ngoja siku ya mshahara. Fujo itakuja yenyewe, na lawama utamwachia yeye.

Sasa tazameni Elisabethville, ambako kisu cha kambini na kisu cha kitabuni vilikutana. Mji ule ni ndugu yetu sisi watu wa migodi. Ni pale pale mwezi wa Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waliogoma kudai mshahara walipigwa risasi katika kiwanja cha mpira, wakafa kwa makumi. Watoto wao nao walicheza tarehe 30 Juni 1960. Siku kumi baadaye askari Wabelgiji kutoka kituo cha Kamina walikuwa barabarani, ati kuokoa roho za watu. Kama ni kuokoa roho tu, mbona kesho yake Katanga ikakatwa? Mbona tarehe 12 Julai ndege ya Kasavubu na Lumumba, rais na waziri mkuu wa nchi nzima, ilinyimwa ruhusa ya kutua Elisabethville na Munongo, huku Wabelgiji wakishika uwanja? Mbona kodi ya shaba haikwenda tena Léopoldville, bali Union Minière ikailipa kwa Tshombe? Fujo ilikuwa Léopoldville, Thysville na Matadi, lakini mkono wa mwokozi ulishika Katanga. Mwizi akipiga kelele "moto!", mtazame anakimbilia chumba gani.

Na mji ule uliosherehekea ukaona msiba usio na kifani. Tarehe 17 Januari 1961 Lumumba, Mpolo na Okito waliletwa Elisabethville kwa ndege, wamefungwa na kupigwa, wakauawa usiku karibu na mji. Miili yao iliharibiwa kwa tindikali. Mwaka huo huo Waluba kwa makumi ya maelfu walikusanyika kambini chini ya Umoja wa Mataifa, wakikimbia nyumba zao katika mji walioujenga kwa mikono yao. Mwaka 2002 serikali ya Ubelgiji iliomba radhi kwa sehemu yake katika kifo cha Lumumba. Mwaka 2022 ikarudisha jino lake moja. Miaka 61, jino moja! Lakini hata jino hilo linashuhudia. Asingekuwepo mwuaji ila "kutokuwa tayari" kwetu, jino lile lingefanya nini Ubelgiji?

Wengine watasema: hayo ni ya Léopoldville na Katanga, sisi wa ziwani yanatuhusu nini? Ndugu, mnasahau makaburi ya nyumbani. Serikali ya Lumumba ilipovunjwa, walioifuata walikimbilia msituni, na mwaka 1964 vita vikawaka kwetu. Uvira ilianguka mwezi wa Mei, Albertville ikafuata. Milima ya Fizi ikawa ngome. Che Guevara mwenyewe alivuka ziwa kutoka Kigoma mwezi wa Aprili 1965. Mwezi wa Septemba mwaka huo askari wa kukodiwa wa Mike Hoare waliteremka Baraka, wakapigana nyumba kwa nyumba. Wazee wetu wa Ubwari wanaosema "ngoma ilipasuka" ndio walilala msituni na watoto mgongoni. Chaki ya Janssens ilifika mpaka hapa.

Tuna neno jingine, na hili halitawapendeza baadhi ya wakubwa wetu. Kumlaumu mkoloni peke yake ni kulala. Mobutu alitwaa nchi tarehe 24 Novemba 1965, na mwanzoni mwa mwaka 1967 mali ya Union Minière ikawa ya serikali. Watu walishangilia tena! Ufunguo sasa ulikuwa wa Mkongomani. Lakini uliingia mfuko mmoja. Kitabu cha hesabu hakikufunguliwa mbele ya mchimbaji, sawa na zamani. Kwa hiyo rangi ya mkono si jawabu la kutosha. Mkono mweusi unaoficha kitabu na mkono mweupe unaoficha kitabu ni mikono miwili ya mtu mmoja.

Wala mchezo huu haujaisha. Tarehe 4 Desemba 2025 marais wa Kongo na Rwanda walitia sahihi mapatano ya amani huko Washington, mbele ya rais wa Marekani, na maneno mengi yakasemwa juu ya amani na juu ya madini. Tarehe 10 Desemba M23 wakaingia Uvira. Siku sita tu! Watu walivuka mpaka kwenda Burundi na magodoro kichwani, wengine wakateremka kusini kuja kwetu. Picha za kalamu za dhahabu zilikuwa bado ukutani kwenye simu za watu, na akina mama walikuwa wakitafuta watoto barabarani. Je, na hao nao tuwaambie kwamba walifurahi mno?

Hapana. Tunakataa kabisa fundisho kwamba maskini asifurahi. Watu wa Léopoldville walikuwa na haki ya kucheza siku nne, na hata arobaini, baada ya miaka 75 ya kiboko. Furaha si kosa. Kosa ni kucheza bila mtu mmoja kubaki mlangoni akihesabu funguo.

Basi tunawaomba jambo moja, ninyi mnaoshuka mashimoni Misisi na Lubichako, nanyi mnaouza samaki na unga sokoni Baraka. Siku nyingine mtakapoitwa kushangilia, ikiwa ni mkubwa mpya, mapatano mapya au kampani mpya, njooni, pigeni makofi kama mnataka, lakini ulizeni maswali matatu kwa sauti kubwa. Wenye bunduki wanaamriwa na nani, na wanalipwa na nani? Ufunguo wa sanduku uko mkononi mwa nani? Na kitabu cha hesabu kinasomwa na nani?

Swali la tatu lina sheria nyuma yake. Sheria ya migodi ya mwaka 2018 inasema kwamba katika mrabaha unaolipwa kwa madini, mafungu 15 katika 100 yaende kwa sekta, usultani au mji ule ule yanapochimbwa. Kumi na tano katika mia! Tujichagulie watu wawili watatu wanaojua kusoma, waende kwenye ofisi ya sekta mchana kweupe, waulize: mwaka jana ziliingia franka ngapi, na zilijenga nini? Wakijibiwa, jibu lisomwe sokoni. Wasipojibiwa, hilo nalo lisomwe sokoni. Kazi hii haihitaji bunduki wala damu ya mtu. Yahitaji kalamu na watu wasiochoka kurudi kesho. Na sisi makarani, ambao mara nyingi tumejificha nyuma ya meza, tunatoa kalamu zetu.

Tukifanya hivyo, mkubwa wetu hatavunjiwa madirisha kwa kosa la mwingine, kwa maana watu watamjua mwenye ufunguo. Tusipofanya, tutacheza tena na kulia tena, na mtu atatazama vioo vilivyovunjika na kusema hatuko tayari.

Juni 30 ikifika, pigeni ngoma. Lakini kwanza geuzeni, mtazame upande wa chini kama imekatwa.